Sindano ya Shavuni

Kuna watu wakikasirika hupiga kelele, na kuna watu wakikasirika huzidi adabu. Macho Manne alikuwa wa kundi la pili. Jumanne ile alimfungulia Kioo mlango wa gari, akamuuliza kama kiti kimemkaa sawa, akamwomba kwa upole afunge mkanda, kisha akamwita "mwenzangu" mara mbili. Huyu ni mtu ambaye kwa miezi minane hakuwahi kumwita ila "mpenzi" au, furaha ilipompanda kichwani, "Dada wa Miwani".

Kioo akajua kuna jambo. Akavuta mtandio wake ukafunika shavu la kushoto, akawasha gari.

Kioo lilikuwa jina la nyumbani. Baba yake alimpa akiwa na miaka minne, kwa sababu hakuweza kuficha kitu. Akiiba sukari, uso ulisema. Akivunja kikombe, uso ulikwisha kukiri kabla vipande havijaokotwa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa miwani katika duka lenye vioo ukuta mzima, na kazi yake ilikuwa kukaa pua kwa pua na wateja, akiwapimia fremu na kuwakunjia mikono ya miwani nyuma ya masikio. Kwa kazi kama hiyo, na duka kama hilo, ungemwombea mtu apate ugonjwa wowote mwingine. Yeye alipata chunusi.

Wala si vile vipele vya ujana vinavyokuja na kuondoka bila kuaga. Zake zilianzia ndani kabisa, chini ya ngozi, hazina kichwa wala mdomo, ngumu kama kokwa, zinauma hata shavu likigusa mto. Moja ikilala, nyingine inaamka kwenye taya. Wiki nzuri alipaka poda akaenda kumwona mpenzi wake. Wiki mbaya alivaa barakoa dukani, akidai vumbi la kusaga lenzi linamkaba, na kwa Macho Manne alituma ujumbe kwamba ana mafua. Maskini mwanamume alikuwa amekwisha kumpa pole ya mafua sita.

Macho Manne mwenyewe alikuwa mwalimu wa udereva. Siku alipofika dukani mara ya kwanza, alikuwa ametoka kumwamuru mwanafunzi afunge breki ili kumpisha mzee avuke barabara, na mzee huyo kumbe ni sanduku la barua. Kioo alimketisha mbele ya ubao wa herufi akaanza kumbadilishia lenzi. Ya kwanza akasema haoni vizuri. Ya pili, bado. Ilipofika ya saba, Kioo akang'amua kwamba jamaa anaona kila kitu mpaka jina la kiwanda chini ya ubao, ila hataki kuondoka.

Mambo yakaenda hivyo hadi yakafika kwa wakubwa. Jumamosi hii, upande wa mwanamume ulikuwa uje nyumbani kwa kina Kioo kuzungumza. Kiongozi wao angekuwa shangazi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki; mwanamke ambaye akikohoa, ukoo mzima hunyamaza usikie kinachofuata. Siku hiyo ilichaguliwa na mama yake Kioo, na aliichagua kwa hesabu ya siri. Jumanne binti anachomwa sindano. Alhamisi uvimbe umeshuka. Ijumaa ngozi inapumzika. Jumamosi wageni wanafungua mlango na kukuta uso laini kama shuka iliyopigwa pasi.

Gari likatoka polepole kwenye uwanja wa koni, likaingia barabarani. Kwenye paa lilikuwa na kibao kikubwa cha kuwaonya wengine kwamba dereva ni mwanafunzi, na upande wa mwalimu kulikuwa na breki ya pili, ambayo Macho Manne aliipenda kuliko kiungo chochote cha gari. Alimwelekeza kushoto. Akamsifu kwa kubadilisha gia. Halafu, kwa sauti ileile ya kumwambia mtu atazame kioo cha nyuma, akasema:

"Ni kweli unachoma sindano?"

Kioo alihisi masikio yakiwaka. Aliyejua alikuwa mama yake peke yake, na mama yake angemeza funguo za nyumba kabla ya kutoa siri ile.

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza kama ni kweli."

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amechoka na mafua ya uongo, na mwanamume huyu siku chache zijazo angekuwa wa kwao.

"Ni kweli," akasema.

Macho Manne alitazama mbele.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tano huu."

"Miezi mitano. Na hukuona sababu ya kuniambia."

"Ningeanzaje? Jambo lenyewe la aibu. Nilikuwa naona haya hata kukaa na wewe kwenye mwanga."

"Kwenye mwanga," akarudia. "Na mama yako? Anajua?"

"Mama ndiye aliyenipeleka."

Mwalimu aligeuka mwili mzima. "Mama yako mzazi? Alikushika mkono akakupeleka?"

"Alisema heri kuwahi kabla hakujavimba. Nikisubiri kukivimba, kila mtu ataona, na hapo tena hakuna poda wala mtandio wa kuficha."

Macho Manne akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kioo alimwona kwa pembe ya jicho na moyo ukamlegea; hakujua kuwa chunusi zinaweza kumtia mwanamume uchungu kiasi kile.

"Niambie tu jambo moja," akasema Macho Manne. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo mtu."

"Daktari? Ni mzee mmoja mwembamba, wala usiwe na wasiwasi. Ana mkono mwepesi huyo, dakika mbili kamaliza, hata huumii."

Breki ya mwalimu ikapigwa kwa mguu wenye nguvu zote za ujana. Gari likasimama katikati ya barabara, mikanda ikawakaba, kalamu zikaruka kutoka juu ya dashibodi. Nyuma yao lori likapiga honi, na nyuma ya lori magari mengine yakaitikia.

"Kumbe watoto hutaki kabisa," Macho Manne akasema, na sasa adabu ilikuwa imemwishia. "Ungeniambia. Mimi nimekaa napanga majina, nimefika kwenye mapacha, mwenzangu unachoma sindano ya kuzuia."

Kioo alimtazama. Akatazama usukani. Akamtazama tena.

"Watoto wanaingiaje kwenye shavu langu?"

"Shavu?"

Dereva wa lori aliamua kuwapita. Alipofika usawa wao akachungulia, akaona kibao juu ya paa, akaona sura ya mwalimu, akatikisa kichwa kwa huruma.

Kioo alifungua mtandio, akageuza uso, akamwonyesha. Hapo, chini ya mfupa wa shavu, palikuwa na uvimbe mwekundu wa ukubwa wa kishikizo cha koti, umekaa kwa raha zake kama mwenye nyumba. Chini yake, kwenye taya, palikuwa na kivuli cha mwingine uliokwisha kutibiwa. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, jua limeingia kwa dirisha la mbele, na poda hakupaka hata chembe, kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza kuja nayo.

"Hii ndiyo inayochomwa," akasema. "Anaingiza sindano ndogo katikati, anatia tone la dawa, uvimbe unashuka. Hiyo ndiyo siri yangu yote. Haya, cheka."

Macho Manne hakucheka. Alimtazama kwa muda mrefu, kutoka paji la uso hadi kidevu, taratibu, kama mtu aliyepewa lenzi sahihi baada ya saba za kuzuga.

"Kwa hiyo yale mafua," akasema.

"Hakukuwa na mafua."

"Nilikuletea maji ya moto kwenye chupa. Mara sita. Ukayapokelea mlangoni, umejifunga mpaka macho."

"Niliyaogea."

Hapo ndipo alipocheka, na kicheko chake kilimtoka vibaya, nusu yake machozi. Kioo naye akataka kucheka, lakini hasira ilikuwa ndiyo kwanza inafika. Alisogeza gari pembeni, akazima injini, akadai aelezwe neno hili limetoka kinywani mwa nani.

Akaelezwa. Juzi, Jumapili, Macho Manne alimwonyesha shangazi picha ya mchumba kwa mara ya kwanza. Shangazi aliishika mbali, akaileta karibu, kisha akasema safari ya Jumamosi haipo. Alipobanwa akasema ameambiwa na watu wa kuaminika kwamba binti huyu ni mteja wa chumba cha sindano kwenye zahanati fulani, kila mwezi hakosi, na msichana asiyeolewa afuate nini huko kila mwezi. Watu gani? Shangazi hakutaja.

"Na wewe ukaamini."

"Niliamini nusu," akasema Macho Manne. "Nusu nyingine ilikuwa inakusubiri useme hapana. Ukasema ndiyo."

"Na hiyo nusu iliyoamini ilikuwa imeamua nini?"

Mwanamume aliokota kalamu moja sakafuni, akaigeuzageuza. Alisema kwamba usiku wa Jumapili hakulala, na Jumatatu kabla ya kwenda kazini alimfuata shangazi jikoni. Alimwambia Jumamosi atakwenda nyumbani kwa kina Kioo, akiwa na wakubwa au peke yake.

"Nikamwambia, hata kama amechomwa sindano za kutosha mji mzima, mimi ndiye huyo huyo ninayemtaka. Hajaongea na mimi tangu hapo. Chai ananipa, ila anaiweka mezani kama anamwekea fundi bomba."

Kioo aliyashika maneno yale, akayapima, akataka kuendelea kukasirika, akakuta hasira imekwisha kama petroli. Alitamani amguse mkono. Badala yake akawasha gari.

"Miadi yangu ni saa nne," akasema. "Twende ukaione hiyo sindano kwa macho yako yote manne."

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya ghorofa moja, benchi mbili ukumbini, milango imepakwa rangi ya maziwa. Mlango wa tatu uliandikwa kwa mkono: SINDANO NA VIDONDA. Siku zote wanawake walikwenda pale kwa sindano zao za miezi mitatu za kuzuia mimba, na watoto kwa chanjo. Jumanne aliongezeka daktari wa ngozi. Nesi alikuwa na tabia ya kuita watu kwa sauti ya mnada bila kutaja ugonjwa. "Wa sindano mfuatane," alikuwa akisema walipoingia. "Na msipitishe tarehe, mkipitisha mtarudi na mizigo yenu."

Kioo alipigwa na wazo. Mtu akisikia maneno yale akiwa amepita tu, angefikiria nini?

Wazo halijatua, Macho Manne akasimama ghafla. Mwisho wa benchi ya pili alikaa mwanamke mnene wa makamo, amefunua gazeti mbele ya uso kwa mikono miwili. Gazeti lilikuwa juu chini.

"Shangazi?"

Gazeti halikujibu.

"Shangazi, hivyo viatu nilikununulia mimi."

Likashuka polepole. Shangazi alikuwa na uso mpana wa kutoa amri, ila leo amri zilikuwa zimemkimbia. Alisema amepita kupumzisha miguu. Alisema jua ni kali. Kisha akamwona Kioo, mtandio mabegani, uvimbe shavuni wazi kama taa ya barabarani, akasahau sababu ya tatu.

Nesi alimwokoa, au alimmaliza. Alitoa kichwa mlangoni akamwita Kioo, na alipowaona wamesimama pamoja akauliza kama ni familia moja. Kama ni moja basi waingie wote, apunguze foleni. Kabla ya mtu kukana, wakawa ndani.

Daktari, mzee mwembamba kama alivyosifiwa, alimketisha Kioo chini ya taa. Alibonyeza uvimbe kwa kidole, akaupangusa kwa pamba baridi, akachukua sindano yenye ncha nyembamba kama unywele. Macho Manne, aliyekuja kushuhudia kama mwanamume, aligeukia ukutani akaanza kusoma bango la kunawa mikono kwa bidii ya mtu anayejiandaa na mtihani. Ncha ikazama. Kioo alikunja vidole vya miguu. Palikuwa na mchomo, kisha shinikizo, ngozi ikabadilika ikawa nyeupe kidogo katikati. Basi. Ikawa imekwisha.

Daktari alimwambia kama kawaida asiukamue wala kuuchokonoa, aendelee na vidonge, na siku mbili tatu uvimbe utalala. Pakibonyea kidogo asiogope, mara nyingi hujaa polepole. Na asizoee kuja kwa kila kipele. Sindano ni kwa zile kubwa za ndani tu.

"Kwani chunusi nayo huchomwa sindano?" Shangazi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, haifanani na mwenyewe.

"Huchomwa, mama. Tena dawa ni ileile ninayokuchoma wewe kwenye kovu la begani, ila usoni natia kidogo zaidi."

Macho Manne akaacha kusoma bango.

"Begani? Shangazi, si ulisema Jumanne unakwenda mazoezi ya viungo?"

Daktari alijishughulisha na pamba zake. Shangazi alishusha upande wa gauni kwa vidole viwili, na pale begani palikuwa na kovu nene, limevimba kama kamba, alama ya kuungua kwa zamani iliyokataa kulala. Alisimulia akitazama sakafu. Miaka kumi na tisa havai nguo ya shingo pana. Miezi mitatu sasa anakuja hapa kwa siri, maana ni mjane wa umri wake, na watu wakijua anatafuta bega zuri watauliza anamtafutia nani.

"Nilikuona mwezi uliopita, na ule wa kabla yake, unatoka humu umejifunika," akamwambia Kioo. "Niliona macho tu na paji la uso. Nilipoonyeshwa picha nikayajua. Ningesemaje nimekuona, wakati mimi mwenyewe sikuwa hapa?"

"Na bila kujua nimefuata nini," akasema Kioo, "ukanifungia mlango."

"Nilikufungia."

"Kwa kitu ambacho hata kingekuwa kweli, kilikuwa cha kuniuliza mimi."

Shangazi aliinua macho. Hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo, na kila aliyekuwa chumbani alisubiri kikohozi chake. Hakukohoa.

"Kweli, mwanangu. Nisamehe. Huyu amenipandishia sauti jana kwa ajili yako, nikamwona mjinga. Leo naona nilimlea vizuri kuliko nilivyodhani." Akapandisha gauni begani. "Jumamosi tutakuja. Nitakuja mimi mwenyewe mbele."

Macho Manne alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumapili. Akamtazama Kioo kwa tabasamu la mtoto aliyerudishiwa mpira. Lakini Kioo alikuwa akijitazama kwenye kioo kidogo juu ya sinki la daktari. Shavu lilikuwa jekundu kuliko asubuhi, na katikati yake nukta ya damu. Akafikiria hesabu za mama yake, Jumanne, Alhamisi, Ijumaa, siku zote zile zilizopangwa ili shavu moja lisionekane na watu. Na watu wenyewe ndio hawa. Wamesimama nyuma yake, wameliona chini ya taa ya daktari, na hakuna aliyekimbia.

"Kwa nini Jumamosi?" akauliza.

"Si ndiyo mliyochagua nyie?" Shangazi akasema.

"Tulichagua ili uvimbe uwe umeshuka."

Macho Manne alielewa kabla ya shangazi. Alivuka chumba kwa hatua mbili, akasimama karibu naye kuliko mteja yeyote aliyewahi kukaa mbele yake dukani. Akamwambia polepole kwamba kesho ana wanafunzi wanne, na wote wanne anaweza kuwaambia wakalale.

"Kesho utakuwa bado umevimba," akasema daktari, kwa uaminifu wa kazi yake.

"Najua," Kioo akasema. Alikuwa amekwisha kutoa simu.

Mama alipokea kwa mlio wa kwanza, sauti ya mtu aliyekaa juu ya simu asubuhi nzima. Akauliza kama sindano imeingia vizuri, kama imeuma, kama kuna mtu amemwona. Kioo akamwambia imeingia, haikuuma, na ameonekana na karibu kila mtu. Kisha akamwambia atandike kitambaa kizuri, wageni wanakuja kesho saa kumi.

Macho Manne alisikia kila kitu, maana sikio lake lilikuwa juu ya sikio la Kioo.

"Kesho?" Mama alisema. "Na uso wako?"

"Uso wangu nao utakuwepo, Mama."